Mche, kikonyo au mbegu: ununue nini kwa shamba jipya la korosho Mtwara na Lindi

Novemba ikikaribia, swali ni lilelile kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea: shamba limesafishwa, mvua ziko njiani, ninunue miche au mbegu? Na ile mbegu wanayoiita chotara ina tofauti gani na korosho niliyookota chini ya mkorosho wa jirani? Nimezipanga njia za kununua kuanzia ile ninayoipa nafasi ya kwanza hadi ile ninayokuomba uiache kabisa. Ila kuna jambo tulielewe kwanza, maana ndilo linalopanga hizo nafasi.

Mbegu ya mkorosho haikupi mkorosho ule ulioitoa. Kwenye shada moja la maua kuna maua dume na maua yenye jinsia zote mbili, na wadudu hubeba chavua kutoka mti hadi mti. Mama unamjua, baba humjui. Isitoshe, mama mwenyewe ana damu mchanganyiko tangu mababu zake. Ukipanda korosho kumi za mti mmoja utapata mikorosho kumi ya tabia kumi: huu unatoa maua Juni, ule Agosti, huu mabibo mekundu, ule ya njano, huu korosho nene, ule vikorosho vyembamba, huu unavumilia ugonjwa wa ubwiriunga, ule unaungua maua yote.

Wengi hudanganywa na mazoea ya mahindi. Mahindi chotara ya dukani hutoka shamba zima sawasawa kwa sababu wazazi wake walisafishwa kwanza, wakachavushwa wenyewe kwa wenyewe vizazi kadhaa mpaka kila mzazi akawa na tabia moja. Mkorosho haujasafishwa hivyo, na kwa mti unaosubiriwa miaka ndipo uzae, kazi hiyo ingekula umri wa mtu. Kwa hiyo wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wakichanganya mikorosho miwili mizuri, watoto wanaotoka, yaani chotara, hutofautiana tangu kizazi cha kwanza. Hupandwa, huangaliwa kwa miaka, na wachache waliofaulu ndio huchaguliwa na kuongezwa kwa kubebeshwa, yaani kijiti kichanga cha mti huo, kikonyo, huunganishwa kwenye shina la mche mwingine. Jina la aina ni la mti ule mmoja pamoja na vikonyo vyake. Korosho iliyoanguka chini ya mti wa aina ya AC4 si AC4, hata muuzaji akiapa.

Tofauti hizo zinagusa mfuko. Ubwiriunga hushambulia maua machanga na majani laini, na salfa hupulizwa kila baada ya wiki mbili hivi wakati wa maua. Shamba ambalo kila mti una kalenda yake linakulazimisha kuingia na pampu tena na tena, mti mmoja umeshafunga korosho na mwenzake ndiyo kwanza unachanua. Kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha msingi, nako, korosho nene na nyembamba zikichanganywa gunia moja, kipimo cha kiini kinashuka.

Nafasi ya kwanza: miche iliyobebeshwa, kutoka kitalu kilichosajiliwa. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari inaingia miche 28 tu, kwa hiyo hata kama mche mmoja ni ghali mara nyingi kuliko korosho ya mbegu, hesabu ya ekari nzima haitishi ukilinganisha na palizi na dawa za miaka utakayoishi na miti hiyo. Ukitunzwa vizuri, mche huu huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, mapema kuliko uliotokana na mbegu.

Usinunue kwa kuangalia urefu. Uinue mche, utazame kiungio, pale kikonyo kilipoingia kwenye shina. Kiwe kimeshikana pande zote, hakina ufa, na ukikitikisa taratibu kwa vidole viwili kisicheze. Kisha tazama chini ya kiungio: chipukizi lolote linalotoka hapo ni la mche wa chini, ule uliooteshwa kwa mbegu. Likiachwa huweza kukizidi nguvu kikonyo, na baada ya miaka ukajikuta unatunza mti usio na jina. Pindua kiriba, ule mfuko ulioshika mche, uone mizizi. Ikiwa imetoboa na kushika ardhi ya kitalu, ikikatwa siku ya kubeba mche utateseka. Halafu simama mbali kidogo utazame tuta zima la aina moja. Majani machanga ya mikorosho hutofautiana rangi, mengine mekundu ya hudhurungi, mengine kijani cha manjano. Tuta linaloitwa aina moja likiwa na rangi zote mbili, muulize mwenye kitalu vikonyo vilikatwa mti gani. Asiyekuwa na jibu, muage kwa heshima uende kwingine.

Chukua aina tatu au nne, si moja. Zilizozoeleka ni kama AC4, AC10, AC43 na AZA17, lakini bwana shamba wa kata yako ndiye anayejua ipi imekubali udongo wenu. Nyanda za juu za Newala si sawa na mchanga wa pwani. Miche ya aina moja iliyobebeshwa ni kama mti mmoja uliorudiwa, na ugonjwa ukiuweza mmoja umeiweza yote. Mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaokausha mikorosho, ulioanza kuripotiwa Mkuranga, mkoa wa Pwani, mwaka 2012, umetufundisha kuogopa hilo. Na usishangae ukiona unene wa mashina haulingani hata ndani ya aina moja: mizizi ile ya chini imetokana na mbegu, nayo ina tabia zake.

Ya pili, vikonyo pamoja na fundi wa kubebesha. Hii ni kwa mwenye mikorosho ya urithi, mizima lakini haizai. Mti hukatwa, machipukizi mapya yakitoka hubebeshwa vikonyo vya aina nzuri. Mizizi tayari imeshuka chini, kwa hiyo mti unarudi haraka. Ningeipa hata nafasi ya kwanza kama mafundi wazuri wangepatikana kila kijiji. Vikonyo havingoji: vikishakatwa vinafungwa kwenye kitambaa kibichi na kutumika mapema, hivyo mtafute fundi kwanza, vikonyo baadaye. Mlipe kwa vilivyoshika, si kwa vilivyofungwa.

Ya tatu ni mbegu kutoka mashamba maalumu ya mbegu, yaliyopandwa aina bora tupu. Pale angalau baba naye ni mzuri, hata kama hujui ni yupi. Hii ndiyo mbegu inayouzwa kwa haki kama mbegu bora, na kwa mwenye ekari nyingi na fedha kidogo naikubali, mradi anunue akijua analonunua: wastani mzuri, si miti inayofanana. Chagua korosho za msimu huu, zitie kwenye ndoo ya maji na upande zile zinazozama tu. Panda mbili au tatu kila shimo, kovu la bibo likiangalia juu, kisha baki na mche wenye nguvu zaidi. Miti ikianza kuzaa, uweke alama ule mbovu. Huo hausubiri huruma, ukate na uubebeshe kikonyo cha ule mzuri wa shambani mwako. Ukifanya hivyo, ile tofauti ya mbegu inakuwa faida, kwa sababu katika miti yote hiyo huenda ukapata mmoja unaoipenda ardhi yako kuliko aina yoyote ya kitaluni.

Ya nne, korosho za mti mzuri wa jirani. Nafuu, lakini umenunua nusu ya habari. Kama mti huo umezungukwa na mikorosho isiyozaa, ndiyo iliyotoa chavua. Ni afadhali umwombe jirani vikonyo kuliko korosho.

Ya mwisho ni korosho za gunia la kuuza, au miche isiyobebeshwa inayopangwa kando ya barabara mvua ikianza. Hapo humjui mama wala baba. Hata ukipewa bure, shimo, samadi na miaka ya kusubiri ni vyako.

Wenye vitalu wazuri humaliza miche mapema, kwa hiyo agiza kabla mvua hazijaanza, upande Desemba au Januari ardhi ikiwa imelowa vizuri. Dai risiti iliyoandikwa jina la aina na idadi yake. Siku ya kupanda, chora ramani ya shamba kwenye daftari, kila mstari na aina yake, kwa sababu vibao vya mti tunavyochomeka shambani huliwa na mchwa kabla mkorosho haujatoa bibo la kwanza.