Mti wa Krismasi wa plastiki: upi ubebe, upi uuache dukani

Pita Kariakoo wiki ya kwanza ya Desemba. Miti ya Krismasi imesimamishwa nje ya maduka, taa zinawaka saa sita mchana, na yote inapendeza. Kinachotenganisha mti wa miaka kumi na mti wa msimu mmoja kipo chini kabisa, kimefunikwa na matawi, na hakuna muuzaji atakayekuonyesha usipouliza. Ni mguu wake.

Mguu wa plastiki ni vipande viwili vinavyochomekana msalaba, bomba la mti linaingia katikati. Kwa futi nne hauna shida. Futi sita ni habari nyingine, hasa Dar, ambako Desemba pangaboi halizimwi. Mti wangu wa kwanza ulisimama vizuri mpaka mkesha wa Krismasi. Mtoto akavuta kipira kimoja cha mapambo, plastiki ikapasuka pale bomba linapoingia, mti ukalala juu ya kochi. Tuliishia kuusimika kwenye ndoo ya mchanga, kama wazee walivyokuwa wakisimika tawi la mvinje. Tangu siku hiyo nanunua mguu kwanza: wa chuma, wenye nguzo tatu au nne za kufungua na skrubu ya kubana bomba. Mwambie muuzaji akufungulie boksi lako hasa. Mti uliosimamishwa nje unaweza kuwa na mguu wa chuma, na kwenye boksi ukakuta wa plastiki.

Baada ya mguu, majani. Yapo ya aina mbili, na kwenye maboksi mengi imeandikwa ni ipi. PVC ni karatasi ya plastiki iliyokatwa vipande vyembamba vikasokotwa na waya, kazi ileile ya brashi ya kuoshea chupa. PE inamiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo kila jani lina unene wake na kwa mbali unadhani msonobari. Ni mzito zaidi na bei yake inauma. Ipo miti ya mchanganyiko, PE nje, PVC ndani karibu na bomba, mahali ambapo hakuna anayetazama. Jaribu hivi: shika tawi, vuta kiganja kutoka ndani kwenda nje. Vikibaki vipande mkononi, mrudishie.

Tazama pia idadi ya ncha za matawi. Mti wa futi sita (boksi litasema sentimita 180) wenye ncha 300 utaona ukuta wa nyuma kupitia matawi hata ukiupamba vipi. Kuanzia 600 unajaa. Zikivuka 800 huhitaji utepe mwingi wa kuziba mapengo.

Sasa mpangilio wangu, kwa nyumba ya kawaida.

Wa kwanza ni futi sita wa mchanganyiko, mguu wa chuma, matawi yaliyounganishwa na bomba kwa bawaba, bila taa. Ukiusimamisha, matawi yanashuka yenyewe. Ile ya kuchomeka tawi moja moja ni nafuu, lakini kila tawi lina alama ya rangi kuonyesha safu yake, na rangi ikishabanduka utakaa sakafuni saa nzima ukilinganisha urefu wa matawi.

Wa pili, kwa mwenye chumba na sebule: futi nne au tano wa PVC. Hapa usijinyime usingizi kuhusu PE. Uweke juu ya meza, mbali na mtoto anayetafuna kila kitu, kwa sababu PVC ya bei rahisi imewahi kukutwa na risasi ndani yake. Ukimaliza kupamba, nawa mikono.

Wa tatu ni mti uliofungwa taa kiwandani. Unarahisisha kazi mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu safu moja ikigoma, unabaki na mti wenye mshipi wa giza kiunoni, na kuzichomoa zile taa ni kazi ya fundi mwenye subira.

Wa nne, ule wa nyuzi zinazopitisha mwanga kutoka kwenye taa ya chini hadi kwenye ncha. Unafaa saluni au kaunta ya ofisi. Transfoma yake ikifa, shughuli imekwisha.

Wa mwisho ni uliopakwa theluji. Unga wake unadondoka kwenye zulia, na kwa unyevu wa pwani ule weupe unageuka rangi ya chai ya maziwa. Anayetaka theluji aangalie Kilimanjaro siku mawingu yakipasuka.

Kabla ya kutoka nyumbani pima dari, kisha toa nafasi ya nyota na ya pangaboi. Wangu mmoja ulisimama karibu mno, na utepe wote wa kileleni ukasokotwa kwenye panga.

Taa chukua za LED. Hazipati joto kama zile balbu ndogo za zamani, na LUKU haitazihisi. Nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili, na sote tunajua mchezo wa kuchokonoa tundu la tatu la soketi kwa biki. Nunua adapta. Ziwashwe dukani, zote, kwa mitindo yote ya kupepesa, na kama zina muziki uliza unavyozimwa. Maneno ya kwenye boksi kwamba majani hayashiki moto haraka yana maana hiyohiyo tu: haraka. Dawa ya mbu ya kuchoma isikae chini ya mti.

Kuanzia Epifania, tarehe 6 Januari, mti unarudi kulala mpaka Desemba nyingine. Boksi la dukani halitaufunika tena, usihangaike nalo. Pangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, acha ukauke, funga matawi kwa vipande vya kanga chakavu (mpira wa tairi unanata kwa joto), kisha utumbukize kwenye shangazi kaja. Usiupeleke darini chini ya bati. Juu ya kabati panatosha.

Bei sijaandika, maana ya tarehe 5 si ya tarehe 23. Kama mwaka huu hela imetengwa kwa ada ya Januari, nenda dukani tarehe 27, muuzaji akiwa anawaza pa kuyaweka maboksi yaliyobaki.