TAHADHARI: Jamaa anayeuza ruta "mpya" Kisumu, kisha anakulipisha kila stima ikipotea

Watu wangu, wiki mbili sijalala vizuri na leo naandika hata kama nitaaibika. Ukiwa Kisumu, Kakamega, Busia, hata Nakuru, na ofisi yenu imevutiwa laini ya kukodi ya intaneti, mnatafuta mtu wa kuwauzia ruta (kifaa kinachopitisha data kati ya laini na ofisi) na kuiunganisha na faiawali (kifaa cha kulinda mtandao), kuna jamaa anazunguka. Ametula shilingi 101,000. Pesa za wanachama wa sacco, si zangu.

Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Akaja na boksi la Cisco limefungwa plastiki, ruta ya 2901, akasema ni mpya na imeingia nchini mwezi huu. Bei 68,000, kazi 15,000. Akatoa laptopu na kebo ya konsoli ya bluu, ile ya kuipa ruta amri, akaketi sakafuni kando ya kabati la mitambo, akaanza kuchapa. Mimi nimesimama nyuma yake na barua ya kampuni ya intaneti mkononi nikimsomea anwani. Walitupa fungu la /30, yaani anwani mbili tu za kutumika, moja yao na moja yetu, halafu fungu lingine la /29 lenye anwani 6 za kutumia upande wetu. Ile yetu ya /30 akaiweka mlango wa nje wa ruta. Ya kwanza ya /29 akaiweka mlango wa ndani, ya pili akaipa faiawali. Njia kuu ya ruta akaielekeza kwa kampuni, njia kuu ya faiawali akaielekeza kwa ruta. Akatuma ping nje, yaani ujumbe wa kujaribu laini, majibu yakarudi yote. Wasichana wa kaunta wakapiga makofi. Mzee wetu wa bodi akampa mkono.

Najua mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu kila nililolijua mimi, yeye alilisema sawasawa. Nilimuuliza kama ruta itabadilisha anwani, akasema hapana, kazi hiyo ya kubadilisha anwani, NAT, iachiwe faiawali peke yake, ikifanywa mara mbili VPN ya tawi (njia ya siri ya kuunganisha tawi na ofisi) itasumbua, ruta kazi yake ni kupitisha tu. Hilo nilikuwa nimelisoma na ni kweli. Akageuza ile barua akanichorea nyuma yake: laini, ruta, faiawali, swichi. Na alikuwa ametajwa kwangu na mtu ninayemheshimu sana. Mzee wa bodi alimwita "jaduong'", yaani mzee kwa Kijaluo, akamsalimia kwa mikono miwili. Mtu wa namna hiyo unamshuku kwa lipi?

Sasa sikieni, hapa ndipo panaponichoma. Kabla ya kulipa nilimwambia, tuzime ruta tuwashe tena, tuone itarudi. Nilitamka maneno hayo mwenyewe. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye swichi ya nyuma. Akanishika mkono, polepole kabisa, akasema: "Omera, ndugu yangu, kifaa kipya hakizimwi siku ya kwanza. Bado kinaandika mafaili ndani. Ukikikata sasa hivi umekiua, na waranti imeisha." Nikauondoa mkono. Nikatoa simu nikamtumia M-Pesa mara mbili, 68,000 halafu 15,000, kwa nambari yake binafsi kwa sababu alisema till yake ina shida. Nilipoomba pasiwadi ya ruta akasema atanitumia Jumatatu kwa usalama. Haikuja Jumatatu, haikuja mpaka leo.

Jumanne stima ikapotea mtaa mzima. UPS, betri yetu ya akiba, ikatushika dakika ishirini hivi, ikachoka. Stima iliporudi ruta ikawaka taa, faiawali ikawaka, intaneti hakuna. Wanachama wako kwenye foleni. Nikampigia. Akaja kwa boda, akatuomba tutoke chumbani eti asifichue pasiwadi, baada ya dakika kumi intaneti ikarudi. 6,000. Wiki iliyofuata stima tena, 6,000. Ya tatu vilevile, 6,000. Ya nne akasema kumbukumbu ya ruta imekufa, nimtafutie 25,000 alete nyingine kutoka Nairobi. Mwenyekiti alinitazama na hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Hapo ndipo nikampigia fundi wa kampuni ya intaneti, kijana mpole sana, Mungu ambariki. Akaniambia nichomeke kebo ya konsoli niandike amri ya show version, inayoonyesha hali ya ruta, nimsomee mstari wake wa mwisho. Na mnajua nini, ruta haikuniuliza pasiwadi yoyote! Ile pasiwadi niliyonyimwa mwezi mzima haikuhitajika. Mstari wa mwisho ukasema 0x2142. Kijana akanyamaza kidogo, akauliza, "Nani ameiacha hivyo?"

Hiyo ni nambari inayoiambia ruta iwake vipi, na ya kawaida ni 0x2102. Hiyo 0x2142 huiambia ruta kwamba ikiwaka isisome mipangilio iliyohifadhiwa. Mafundi huitumia pasiwadi ya zamani ikisahaulika, wakimaliza wanairudisha. Kwa hivyo kila stima ikipotea ruta yetu iliamka kama mtoto mchanga, na mipangilio yote imo ndani salama, haisomwi tu. Kijana akanielekeza kwa simu: kwanza nakili startup-config (mipangilio iliyohifadhiwa) iende running-config (inayotumika sasa), na usihifadhi chochote kabla ya hapo, maana utaandika utupu juu ya kazi yote. Kisha fungua milango miwili kwa amri ya no shutdown, kwa sababu itakuwa imefungwa. Kisha rudisha ile nambari kwa amri ya config-register 0x2102, ndipo uhifadhi. Tukazima. Tukawasha. Intaneti ikarudi yenyewe. Dakika kumi, shilingi sifuri.

Msiniambie alisahau. Alikuja mara tatu, mara tatu akarudisha mipangilio, na mara tatu akaiacha nambari ileile. Anayejua kurudisha mipangilio hiyo anajua kwa nini ilipotea.

Na upya wenyewe ni uongo. Nilipoendesha amri ya show inventory, nambari ya utambulisho wa kifaa (serial) iliyotoka haikulingana na ya kwenye boksi. Nikabandua stika ya chini ya ruta, kumbe chini yake kuna nyingine. Kwenye nambari za Cisco za aina hii, tarakimu mbili baada ya herufi tatu za kwanza ni mwaka, unajumlisha na 1996. Yetu ilikuwa 16. Ni ruta ya 2012! Mtu anakuuzia chuma cha 2012 kama kitu cha mwezi huu, na wewe unampa mkono!

Dalili nyingine, harakaharaka: risiti ya kuandikwa kwa kalamu, hakuna PIN ya kodi, na nilipotaja eTIMS, mfumo wa risiti za Mamlaka ya Mapato, akabadilisha mazungumzo. Duka hana, hukutana nawe kwako tu. Hataki uwe chumbani.

Huyu anafaa kufungwa. Si kuonywa, kufungwa. Ameiba pesa za akina mama wanaouza omena Dunga ambao huleta mia mbili mbili. Nimeandikisha OB kwa polisi na ninakwenda Mahakama ya Madai Madogo, inachukua madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na sheria inawapa siku 60 kuamua. Arudishe kila senti, na vifaa vyake vichukuliwe asiende kuketi sakafuni kwa mwingine. Kama naye alikukula, njoo inbox tuandikishe pamoja. Jina lake nitakupa huko, hapa wakili amenikataza.

Ujumbe wangu anausoma, hajibu. Alhamisi nimesikia yuko Nakuru, amepeleka bei kwa shule moja upande wa Section 58 ambayo imevutiwa laini majuzi. Kama ni ninyi mnasoma hapa, msitume hata shilingi kabla hamjaizima hiyo ruta na kuiwasha mkiwa mmesimama hapo, na mkono akiwashika, muutoe.