Uzoefu wangu: winchi ya nanga Lofrans Kobra na mnyororo wa milimita 8

Boti yangu ni ya tanga, futi 36, natembea nayo zaidi Tanga, Pemba na Kilifi, na mwaka huu nimeachana na kuvuta nanga kwa mikono nikafunga winchi ya umeme, Lofrans Kobra ya Italia, wati 1000 volti 12. Nimeipenda sana. Ila kiukweli winchi ndo kitu cha mwisho kuchagua, anza na mnyororo.

Na mnyororo unaanza na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Huku kwetu wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, kwahiyo ukitia nanga kwenye mita 6 maji yakiwa yametoka, yakijaa uko kwenye 10, ongeza mita moja na kitu kutoka majini mpaka omo (mbele ya boti), zidisha mara 5 ili nanga ivutwe kwa ulalo isinyanyuke, hapo unatakiwa uwe umeachia mita 55 na ushee. Wengi naona wana mita 20 za mnyororo alafu kamba tupu, kwenye mchanga mtupu sawa, lakini chini huku kuna matumbawe na kamba ikisuguana na tumbawe usiku kusi likivuma hutalala. Mimi nimeweka mita 60 za mnyororo, nyuma yake mita 40 za nailoni ya milimita 14. Nailoni jamani, sio zile kamba za plastiki zinazoelea, zile hazivutiki zikipokea mzigo na jua linazimaliza.

Kwanini mnyororo wa milimita 8 na sio 10? Uzito. Ya 8 ni kama kilo 1.4 kwa mita, ya 10 inafika 2.2 hivi, kwa mita 60 hiyo ni karibu kilo 50 za ziada zote zimekaa omo, boti inainamia mbele na kwenye mawimbi inapiga vibaya. Alafu 10 ziko aina mbili kwa viwango vya utengenezaji, DIN 766 pingili yake ni milimita 28 kwa ndani, ISO ni 30, ukichanganya mnyororo unaruka kwenye jipsi (gurudumu la winchi linaloshika pingili). Za 8 zote ni 24.

Nguvu ya winchi nilipiga hivi: nanga kilo 20 na mnyororo 84, mara 3 ili kuwe na akiba, inakuja kama kilo 312. Kobra inaziweza bila shida.

Pesa usiibane kwenye waya. Wati 1000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 80, na kutoka betri mpaka omo kwenda na kurudi kwangu ni mita 18, nikavuta waya wa milimita za mraba 50, shaba iliyopakwa bati, na breka (swichi inayokata umeme ukizidi) karibu na betri. Waya mwembamba unakula volti, mota inapata moto na nanga haipandi.

Kasoro ninayoiona ni sanduku la mnyororo, halina kina, mnyororo unajijenga kama kichuguu na lazima mtu ausukume upande wakati unaingia.

Kutumia: washa injini, sogea mbele taratibu, winchi iokote mnyororo uliolegea tu, isivute boti. Ukishatulia funga kamba nyingine ya nailoni yenye ndoano kwenye mnyororo, mzigo uende kwenye kliti (kile chuma cha kufungia kamba juu ya boti) badala ya winchi. Mwisho wa kamba ndani ya sanduku ufungwe sehemu ambayo kisu kinafika, ikibidi kuukata haraka. Mnyororo nausuuza kwa maji yasiyo na chumvi kila nikirudi, na zinki iliyopakwa mnyororo kuzuia kutu ikianza kuisha upande wa nanga nitaugeuza, wa nyuma uje mbele.