TAHADHARI: Tapeli wa spea za Land Rover za zamani anauza kwa picha za vitu vya watu

Wadau wa magari ya zamani, kuanzia Kigoma mjini, Kasulu, Kibondo mpaka huko Tabora: kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akisema ana stoo ya spea za Land Rover Series II na III jijini Dar es Salaam. Mara mzigo umetoka Uingereza, mara kaununua kwenye mnada wa shirika. Hana stoo. Hapa Kigoma mjini nawafahamu watatu waliompa pesa, na wa nne nilimdaka akiwa anaulizia wakala wa karibu. Jina halisaidii kumtambua kwa sababu analibadilisha kila akibadili laini, kwa hiyo mjueni kwa namna anavyofanya kazi.

Unauliza kifaa, tuseme giaboksi. Hataji bei. Kwanza anaomba picha za gari lako na za hicho kilichoharibika, "ili nihakikishe vinaingiliana kaka, sitaki nikutumie kitu kikakusumbua." Ombi lenyewe ni la maana, fundi yeyote wa kweli angetaka kuona kabla ya kusema lolote. Unapiga picha uani kwako, kila upande, unatuma. Kuanzia hapo anakuwa mzito kujibu: mzigo umeisha, subiri kontena, nipo msibani. Kumbe kashapata alichokitaka. Picha zako ndizo bidhaa, na zinakwenda kuuzwa kwa mtu mwingine.

Hili tumeligundua kwa mzee mmoja wa Ujiji, mstaafu, anayefufua 109 yake (Land Rover ile ndefu) ya Series III. Aliniita nikamsaidie kupokea giaboksi ambayo ameshalipia nusu, laki nne na nusu kati ya laki tisa. Akanionyesha picha kwenye simu. Giaboksi imewekwa juu ya mkeka chakavu, pembeni kuna kandambili moja ya bluu ya mtoto, na ubavuni mwa kasha pameandikwa kwa chaki: USIGUSE. Mwandiko ni wangu. Niliandika hivyo kwa sababu watoto walishaigeuza kigoda cha kuchezea kombolela. Kitu chenyewe kilikuwa nyumbani kwangu Gungu, chini ya mwembe, na hadi leo kipo hapo hapo. Maelezo ya muuzaji chini ya picha: "Giaboksi Series III, imeingia kutoka Uingereza, mzigo upo Dar." Yaani Waingereza nao siku hizi wanawaandikia watoto wao USIGUSE.

Na hata kama ingekuwa yake, isingekuwa Series III. Gari langu ni Series IIA ya mwaka 1967, na giaboksi ni ya gari hilo hilo. Hapa nitulie kidogo, maana ndipo wengi wanapoliwa. IIA ilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, Series III ikaendelea hadi 1985. Kwa nje giaboksi zake zinafanana sana, ila ya IIA ina sinkro, zile ringi zinazolainisha gia kuingia, kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ya kwanza na ya pili usipojua kuicheza klachi zinakukwaruza mpaka abiria ageuke kukutazama. Series III ina sinkro gia zote nne za mbele, ndiyo maana bei yake iko juu. Kuthibitisha kabisa ni kufungua kifuniko cha juu na kuangalia ringi za sinkro kwenye gia ya kwanza na ya pili. Lakini kwa picha tu kuna alama moja: silinda ndogo ya klachi, ile ya chini. Kwenye Series III imefungwa moja kwa moja kwenye kengele ya giaboksi, lile kasha la mbele linalofunika klachi. Kwenye IIA inakaa kwenye bano pembeni na kusukuma kwa vijiti. Mtu akikuandikia Series III huku kengele yake haina pa kufunga silinda hiyo, ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Baada ya mzee kulipa nusu, ikaja picha ya risiti ya basi. Ujumbe wake: "Mzigo umepakiwa, mzee wangu, kaa mkao wa kupokea Masanga," yaani stendi ya mabasi. Nikaivuta ile picha ikawa kubwa. Tarehe ya risiti ilikuwa ya nyuma kuliko siku mzee aliyotuma pesa, na mahali pa uzito pameandikwa kilo kumi na mbili. Giaboksi ya Land Rover pamoja na transfa yake (ile giaboksi ndogo ya nyuma), watu wawili wazima wanainyanyua huku wakitukanana. Kilo kumi na mbili ni kuku watano. Kesho yake simu ikaingia: mzigo umezuiliwa mizani, inatakiwa laki na ishirini ya faini, vinginevyo unashushwa. Mizani inapima basi zima, haichambui vifurushi vya watu. Mzee akamwambia hivyo, kwa upole wake, naye akaapa: "Mzee wangu, mimi ni mtu wa ibada, siwezi kula jasho la mtu sawa na baba yangu." Faini haikutumwa, na namba haikupatikana tena.

Msidhani kwamba hatumi kitu kamwe. Kuna wakati anatuma, na hapo ndipo penye hatari zaidi, kwa sababu aliyepokea mzigo humtetea kwenye grupu. Kijana mmoja wa Mwanga, hapa hapa mjini, aliagiza silinda hedi ya injini ya dizeli, ile ya lita 2.25. Ilifika kweli, imeshonewa kwenye kiroba, imepigwa rangi ya fedha inang'aa kama sufuria ya harusi. Tukaiweka mezani. Kilichonishtua ni kwamba rangi imepita hata kwenye uso wa chini, pale panapokaa gasketi. Mtu aliyesawazisha hedi kwa mashine hapaki rangi pale, anapaka grisi au oili kuzuia kutu. Nikachukua wembe nikakwangua katikati ya viti vya valvu vya silinda ya pili. Rangi ikatoka, chini yake kukawa na kitu cha kijivu kisichokuwa chuma, kinakatika kwa kucha. Ni gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Nikaendelea mpaka ufa ukaonekana wote, kutoka kiti hiki mpaka kile. Tukamimina mafuta ya taa upande mmoja na kusubiri, yakajitokeza upande wa pili. Hedi hizi ni za chuma cha kumimina, na gundi haishiki sumaku kama chuma. Kisumaku kidogo kilichotolewa kwenye spika mbovu kilitosha: kwenye chuma kinang'ang'ania, kwenye gundi kinateleza. Ingefungwa ile, maji yangeingia kwenye silinda kabla gari halijafika Kidahwe.

Na bodi je? Bodi ya Land Rover hizi kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, sumaku haishiki hata pakiwa pazima, kwa hiyo kipimo hicho hakikusaidii kutafuta puti, ile rojo ya kuzibia mabonde kabla ya rangi. Kitumie kwenye vya chuma: chasisi na ule ukuta wa mbele ya miguu ya dereva. Huko ndiko kutu inakokula. Ukiambiwa gari liliwahi kubeba chumvi ya Uvinza, lala chini kabisa na nyundo ndogo, gonga chasisi yote. Penye mlio wa kopo, pana kopo.

Wa tatu ni mpenzi wa kubadili injini. Alitaka kuiweka injini ya Toyota ya dizeli kwenye giaboksi ya Land Rover, kazi ambayo wengi tunaifanya uani, na jamaa akamuuzia pleti ya kuunganishia pamoja na bushi yake. Pleti ilikuwa ya bati nene lililokatwa kwa gesi, kingo zimejaa mabonge. Matundu ya bolti yaliingia baada ya kuyapanua kwa tupa. Kitovu ndicho kilichokuwa kimehama. Shafti ya kuingilia giaboksi lazima ikae katikati ya krenki sawasawa kabisa. Ikihama hata kidogo unachonga beringi na klachi haitoki vizuri. Pleti hii ilihama kiasi cha kuonekana kwa macho. Hiyo ni kazi ya lathe na mtu mwenye subira, haiuzwi kwa picha kwa mtu ambaye hajawahi kuiona injini yako.

Mpira wa breki sitausemea sana: vifaa vya breki vilivyokaa ghalani miaka mingi, hata kama pakiti haijafunguliwa, mpira wake unakuwa umekauka. Ukunje kwa vidole, ukiona vistari vya ufa tupa. Mteremko wa Manyovu hauna huruma kwa pakiti nzuri.

Karibuni ameanza jambo jingine, na hili naomba mlichukulie kwa uzito kuliko pesa. Anatangaza "bodi na kadi safi", yaani chasisi chakavu pamoja na kadi ya usajili ya gari jingine, ili ufufue gari lako kwa jina lililokwisha kufa. Bei inavutia hasa kwa sisi ambao magari yetu kadi zilipotea na wamiliki wa kwanza walishafariki. Ukikutwa na namba iliyogongwa upya, gari linalala polisi na wewe unaeleza. Namba ya Series III inagongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele kulia, karibu na springi inapofungwa. Safisha pale kwa brashi ya waya. Ukiona alama za grenda, au chuma kimekuwa chembamba kuliko cha jirani yake, ondoka. Kadi yoyote kabla ya kuilipia ipelekwe TRA ikasomwe kwenye mfumo, mwenye gari akiwepo.

Kwa anayetaka kununua spea kwa mtu wa mbali, mwambie muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya kifaa, apige video bila kukata, azunguke pande zote na asogee mpaka namba isomeke. Wafanyabiashara wa Ilala na Gerezani ninaofahamiana nao wanalalamika kwamba unawachosha, halafu wanafanya. Huyu wetu nilimjaribu kwa laini nyingine nikiomba video ya differenshali. Akanijibu kamera ya simu imeharibika, akatuma picha. Picha nzuri sana, ina theluji nyuma.

Halafu jamani, ni nani wa Kigoma asiye na mpwa au shemeji Dar? Mpe nauli ya daladala akakikague hicho kifaa, akishike, ndipo pesa itoke. Na unapotuma, lisome lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kwa hawa watatu yalitokea majina matatu tofauti, mawili ya kike, na kila mara maelezo yalikuwa "hiyo ni ya mke wangu". Labda ameoa wengi, lakini hakuna hata mmoja mwenye jina linalofanana na la kwenye risiti.

Aliyekwisha kutuma: piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyo hiyo, uombe muamala uzuiwe. Pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Usifute meseji hata moja, wala za sauti. Nenda polisi ufungue jalada, upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu wa aina hii. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Mzee wa Ujiji na kijana wa Mwanga wameshafanya yote haya. Huyo wa pleti anaona aibu kwenda. Namuomba akisoma hapa aende, kwa sababu majalada matatu ya mtu mmoja yana uzito kuliko mawili.

Mmeniuliza kwa nini siweki namba zake hapa. Laini zimesajiliwa kwa majina ya watu ambao huenda hata hawajui kwamba wanazo, na mkianza kumpigia mama wa watu kumtukana mtakuwa mmemwonea. Ziko polisi. Na ninyi wenyewe bonyezeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu cha NIDA.

Kama uliwahi kumtumia huyu bwana picha za gari lako, pitia matangazo yake uangalie kama injini yako haijauzwa tayari. Ukiikuta, piga picha ya skrini unitumie, naziunganisha na zile nyingine kwa ajili ya jalada.

Mzee wa Ujiji bado hana giaboksi. Mwenye Series III halisi, awe Kasulu, Uvinza au hata Urambo, aniandikie. Tutaifuata ilipo na spana zetu, tufungue kifuniko mbele yake, na pesa taslimu tutakuwa nayo mfukoni.