Kozi ya usaidizi wa daktari wa wanyama: uzoefu wangu

Kabla ya kulipa nilitafuta maoni ya mtu aliyeipitia kozi hii, nikakosa. Basi haya ni yangu.

Ilikuwa ya miezi tisa: sita ya masomo kwa mtandao, mitatu ya vitendo kliniki. Tangazo lilisema chuo ndicho kitakachotutafutia kliniki. Wiki moja kabla ya vitendo kuanza tukapata ujumbe kwamba kila mwanafunzi ajitafutie mwenyewe. Nilibisha hodi sita, ya saba ndiyo ikanipokea, na kwa kuwa muda ulishaliwa na kuhangaika huko, miezi mitatu ikawa wiki saba. Kwa hiyo ukienda kujiandikisha, usiulize ada kwanza. Uliza ni saa ngapi utakuwa umemshika mnyama aliye hai, na nani atakusimamia. Jibu wakupe kwa maandishi.

Masomo yenyewe siyapigi vijembe. Aliyetufundisha hesabu za dozi alikuwa mkali kama wembe, na leo namshukuru. Mbwa wa kilo 12, dozi miligramu 5 kwa kila kilo, dawa ina miligramu 50 katika mililita moja: anapata mililita 1.2. Mimi katika jaribio la kwanza niliandika 12. Hakunikata alama tu, alinirudishia karatasi ameandika pembeni: “Umeshamuua.” Tangu siku hiyo kila hesabu naipiga mara mbili, kisha namsomea mwenzangu kwa sauti.

Tulisoma pia kupima joto (mbwa mzima huwa kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, hivyo nyuzi 38.5 ambazo kwako wewe ni homa, kwake si kitu), kubonyeza ufizi na kuangalia wekundu unarudi ndani ya sekunde mbili au la, kutunza chanjo kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, na kutafuta mayai ya minyoo kwa kinyesi kilichokorogwa kwenye maji ya chumvi iliyokolea. Mayai huelea, unayanasa kwenye kioo, unayapeleka kwenye hadubini. Hilo la mwisho nililipenda kuliko nilivyotarajia.

Kumshika mnyama, lakini, hakufundishwi kwa video. Nilikuwa nimezitazama zote, nyingine mara tatu. Siku ya kwanza kliniki nikaambiwa nimshike mbwa atolewe damu mguu wa mbele. Mkono mmoja unapita chini ya kidevu na kuvuta kichwa chake kifuani kwako. Wa pili unashika nyuma ya kiwiko, kidole gumba kinabana juu ya mguu na kuzunguka kidogo kuelekea nje, mshipa ujae na usiteleze. Damu ikitolewa, kidole kinabaki hapo hapo. Dawa ikiingizwa, sindano ikishakaa ndani ya mshipa unakiachia. Mimi niliona damu inaingia kwenye bomba, nikafurahi, nikaachia kidole, mkono na kichwa kwa pamoja. Mbwa aliruka kutoka mezani na sindano ikabaki mkononi mwa daktari. “Ulikuwa unampigia makofi?” akaniuliza.

Paka ndio walionifundisha adabu. Ukikaza, naye anakaza. Taulo kubwa, umfunike kuanzia shingoni, uache tu mguu unaohitajika, halafu mkae kimya nyote. Mikwaruzo niliyonayo ni ya siku nilizokuwa na haraka.

Jambo jingine ambalo kozi ililipitia mbiombio ni simu. Msaidizi hatambui ugonjwa wala haandiki dawa, ila yeye ndiye anayepokea simu. Mtu anauliza, paka wangu ana homa, nimpe nusu ya parasetamoli? Hapo huna nafasi ya kusema subiri nimuulize daktari huku mwenye paka anaitafuta dawa kabatini. Parasetamoli inaweza kumuua paka hata kwa kiasi kidogo. Unasema usimpe, mlete sasa hivi, na kama ameshameza sema ni saa ngapi.

Na kuna ule ukurasa mmoja, mmoja tu, kuhusu kumlaza mnyama asiamke tena. Uliorodhesha vifaa. Haukusema kwamba mwenye mbwa anaweza kukuomba umvulie mbwa ukanda wa shingoni abaki nao, na kwamba utahangaika na kifungo chake kwa sababu vidole vinatetemeka.

Kwa nadharia naipa nyota nne, kwa vitendo moja, na hiyo moja ni ya kliniki, si ya chuo. Cheti bado hakijatoka, naambiwa nisubiri. Kliniki wameniambia niendelee kwenda Jumamosi, na sasa mbwa wakubwa wananiachia mimi.