Amplifaya ya valvu kwa sebule ya Mwanza: ipi ununue

Kabla hujauliza bei ya amplifaya, geuza spika zako usome kibandiko cha nyuma. Tafuta namba yenye dB, yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Hiyo ndiyo inayoamua ununue valvu gani, ile chupa ya kioo inayokuza sauti, si zile picha za vioo vinavyong'aa mtandaoni. Spika ya dB 87 ikipewa wati 8 inafika dB 96 ukiwa mita moja mbele yake. Ya dB 93 inafika hapohapo kwa wati 2 tu.

Nimezipanga amplifaya kwa majina ya valvu zake, inayofaa zaidi ikiwa ya kwanza, kwa mkazi wa Nyegezi, Kirumba au Igoma mwenye sebule ya kawaida na spika za dB 86 hadi 89.

1. EL34, valvu nne za nguvu. Mbili kila upande zinasaidiana, unapata wati 30 hadi 40. Sauti ya mwimbaji inakaa mbele na magitaa ya dansi la zamani yanasikika kila moja na njia yake. Chukua inayojirekebisha mkondo yenyewe, kama za PrimaLuna. Umeme wetu hupanda na kushuka, na mkondo wa valvu hufuata. Isiyojirekebisha inakutaka uishikie bisibisi mara kwa mara. Willsenton R8 ya China ni ya namna hiyo: ina mita yake ndogo, unarekebisha mwenyewe. Ni nafuu kuliko PrimaLuna, na kama mkono wako hautetemeki sioni ubaya wake.

2. EL84. Wati 10 hadi 17, ndogo, na valvu zake ni za bei ya chini. Kwa chumba kimoja inatosha kabisa.

3. Mchanganyiko: valvu mwanzoni, transista za kusukuma spika mwishoni. Inaendesha karibu spika yoyote na haili umeme mwingi. Ladha ya valvu utaipata kidogo tu, lakini kwa anayeanza si hela iliyopotea.

4. KT88. Wati 50 na zaidi, besi nzito. Shida ni LUKU. Amplifaya inayokula wati 200, ukiiwasha kwa muda wa saa nne kila siku, inamaliza yuniti 24 kwa mwezi, na haijali sana umefungulia sauti kubwa au ndogo. Kwa mteja wa matumizi madogo mwenye kikomo cha yuniti 75, hiyo ni karibu theluthi. Hata EL34 inaweza kukaribia hapo, basi soma wati zinazoingia, siyo zinazotoka tu.

5. 300B, valvu moja kila upande. Wati 8 hivi. Ni tamu, sibishi, lakini kwa spika za dB 87 utasikia inahema, na valvu zenyewe ni ghali. Mwenye spika za dB 95 aipandishe mpaka namba moja.

Za zamani, kama Quad II au Dynaco Stereo 70, sijazipa namba. Kapasita zake, vihifadhi umeme vya ndani, zimezeeka, na ndani kuna volti 400 zinazoweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Nunua tu kama una fundi redio aliyewahi kufungua valvu, si wa simu.

Yoyote utakayochagua, iwe ya volti 230, hezi 50. Ya Marekani ni ya volti 120. Transfoma ya kushushia inatibu volti, lakini hezi zinabaki 50, na transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 peke yake itachemka. Amplifaya ya valvu usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa: transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hiyo ndiyo roho ya mashine.

Kwa walio karibu na maji, Capri Point kwa mfano, dai kizimba cha chuma chenye matundu madogo. Wale vijidudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hufuata mwanga, na valvu ni mwanga wenye joto. Wanakauka juu ya transfoma na kuzama kwenye soketi. Wafagie kwa brashi laini mashine ikiwa imepoa na plagi imechomolewa. Kitambaa chenye maji usikisogeze. Mjusi naye hupenda joto hilo.

Ukiagiza, omba valvu zifungwe kwenye boksi lake, nje ya soketi, na ulipie seti ya akiba ya valvu zilizopimwa zikalingana palepale. Mzigo unaweza kuvuka kilo 20, na kutoka Dar hadi huku barabara ni ndefu.