Tathmini ya konsentreta ya oksijeni ya lita 5: mashine nzuri isiyofaa kununuliwa peke yake

Kwa kituo kidogo cha afya kilicho mbali na kiwanda cha gesi, konsentreta ya oksijeni, yaani mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, yenye uwezo wa lita 5 kwa dakika ndiyo ninayoipendekeza kabla ya kuongeza mitungi ya oksijeni, na nasema hivyo nikijua fika kwamba nyingi za aina hii zimeishia stoo kabla ya wakati wake. Tatizo mara nyingi si mashine yenyewe. Hununuliwa au hutolewa kama msaada bila vitu vinavyoiwezesha kufanya kazi, kisha lawama zote zikabebeshwa chombo.

Utendaji wake hauna fumbo. Hewa ya kawaida ina nitrojeni kiasi cha asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Kompresa huisukuma hewa hiyo kwenye mitungi midogo miwili iliyojaa punje za zeolaiti, ambazo hunasa nitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Mmoja unapochuja, mwenzake hutoa nje nitrojeni aliyoinasa, kisha wanabadilishana zamu. Kinachomfikia mgonjwa, mashine ikiwa nzima, ni gesi yenye oksijeni kati ya asilimia 90 na 96. Ikifanya kazi mchana na usiku kwa kiwango chake cha juu, hutoa lita 7,200 kwa siku, ilhali mtungi mkubwa wa hospitali hubeba takriban lita 6,800, na ukiisha hauna budi kupakiwa garini na kupelekwa kujazwa. Mahali ambapo barabara hukatika wakati wa mvua, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto mwenye nimonia atapata oksijeni usiku huo au hatapata.

Watoto ndio wanaonufaika zaidi na ukubwa huu. Kwa mipira ya puani, mtoto mchanga huhitaji nusu lita hadi lita moja kwa dakika, na aliyevuka umri huo lita moja hadi mbili, hivyo kwa kutumia kigawanyi chenye mita za kila mgonjwa, mashine moja inaweza kuwahudumia watoto kadhaa kwa pamoja. Mtu mzima aliye mahututi ni jambo jingine: anaweza kuhitaji lita 10, hata 15, na hapo lita 5 hazitoshi hata kidogo. Isitoshe, gesi hutoka kwa msukumo mdogo, kwa hiyo mashine hii haiwezi kuendesha ventileta (mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua) inayohitaji gesi ya shinikizo kubwa. Muuzaji anayedai vinginevyo asisikilizwe.

Kasoro ninayoiogopa kuliko zote haionekani kwa macho. Mita iliyo mbele ya mashine huonyesha kasi ya gesi tu. Haisemi lolote kuhusu usafi wake. Zeolaiti ikichoka, au ikilowa unyevu kwa sababu mashine ilikaa muda mrefu bila kuwashwa, nitrojeni huanza kupita pamoja na oksijeni, na bado mita itaendelea kuonyesha lita 5 kana kwamba hakuna kilichoharibika. Muuguzi ataamini anatoa dawa, kumbe anampulizia mgonjwa kitu kinachozidi kufanana na hewa ya chumbani. Oksijeni ni dawa: tangu mwaka 2017 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaitambua kwa ajili ya kutibu upungufu wa oksijeni mwilini, na dawa haipaswi kutolewa bila kujua nguvu yake. Vigezo vya shirika hilo vinataka usafi usishuke chini ya asilimia 82. Kwa sababu hiyo sinunui mashine isiyo na king'ora cha usafi mdogo, na hata yenye king'ora naitaka ije na kifaa tofauti cha kupima usafi wa gesi inayotoka, ili fundi aihakiki mara kwa mara.

Umeme ndio mtihani wa pili. Mashine nyingi za ukubwa huu hula wati 350 hivi, ambazo kwa saa 24 ni zaidi ya yuniti 8, na mwenye kupanga sola aanze na hesabu hiyo, akumbuke betri za usiku na siku za mawingu. Umeme unaopanda na kushuka huunguza bodi na kompresa, kwa hiyo stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, si ya hiari. Mtungi mmoja uliojaa, pamoja na regyuleta yake (vali ya kupunguza shinikizo la gesi), lazima usimame karibu na kitanda, kwa maana umeme ukikatika konsentreta haina akiba hata ya pumzi moja.

Utunzaji wa kila siku hauhitaji mtaalamu. Kichujio cha nje huoshwa kila wiki na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Mashine huwekwa mbali na ukuta na mapazia ili ipate hewa. Moto na sigara havikaribii. Kelele yake huchosha wagonjwa waliolala karibu, lakini inavumilika.

Sharti langu jingine ni oksimita, kile kifaa kinachobana kidole na kusoma kiwango cha oksijeni katika damu. Bila hicho, mtoto aliyeshuka chini ya asilimia 90 anaweza kupita machoni pa muuguzi mzoefu, na mwingine asiyehitaji akaachwa kwenye mipira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka hospitali tano za Papua Guinea Mpya ulionyesha kuwa vifo vya watoto wenye nimonia vilipungua kwa takriban asilimia 35 baada ya kuletwa konsentreta pamoja na oksimita, mafunzo na matengenezo. Haikuwa mashine pekee iliyofanya kazi hiyo.

Kwa anayenunua, bei ya kulinganisha ni ile inayojumlisha stabilaiza, kipimo cha usafi, oksimita, mipira ya puani ya watoto wa rika zote, vichujio na vali za akiba, na mafunzo ya fundi wa kituo. Siku ya kupokea, mashine iwashwe kwa lita 5 kamili mbele ya muuzaji, iachwe iendelee kwa saa kadhaa, ipimwe usafi mwanzoni na mwishoni, na hati ya mapokezi isisainiwe kabla ya kipimo cha pili.